Kwenda kunywa Sinza usiku: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mwisho wa mwezi ukikaribia, maswali huwa yale yale: twende wapi, itatugharimu kiasi gani, na tutarudije. Majibu haya ni ya Sinza, Dar es Salaam, pamoja na viunga vyake vya Kijitonyama na Mwenge. Maeneo mengine ya jiji yametajwa pale tu ambapo Sinza haiwezi kukupa unachokitaka.

Kwa nini Sinza, na si Masaki au ufukweni?

Inategemea unatoka kufanya nini. Masaki unalipia mandhari, viti vizuri na kuonekana. Sinza unakuja kukaa: meza ya plastiki, nyama mbele yako, watu wanne wanaobishana, na hakuna anayekuangalia umevaa nini. Mimi nikiwa na mgeni anayetaka kuona watu wa Dar wanavyokunywa hasa, namleta Sinza. Mgeni anayetaka kupiga picha jua likizama nampeleka Slipway, Msasani, maana pale ghuba inatazama magharibi na hakuna ubishi.

Sinza yenyewe haikupangwa kuwa mtaa wa starehe. Ni zao la mradi wa viwanja na huduma uliofadhiliwa na Benki ya Dunia miaka ya 1970, pamoja na Kijitonyama na Mikocheni. Viwanja vilipimwa, barabara zikachongwa, maji yakaletwa, watu wakajijengea wenyewe. Baadaye wenye nyumba wakagundua kwamba ua wa mbele ukiwekewa turubai, jiko la mkaa na friji mbili, unalipa kuliko mpangaji. Ndiyo maana baa nyingi za huku bado zina sura ya nyumba ya mtu: geti, mwembe katikati ya ua, na kaunta kwenye kile kilichokuwa chumba cha kulala. Gesti nazo zilikuja kwa njia hiyo hiyo, na ni nyingi mno, kwa hiyo usishangae ukiona bango la vyumba kila baada ya nyumba chache.

Sinza ni kubwa. Nishukie wapi?

Sahau majina ya mitaa, hakuna anayeyatumia. Sinza inaelekezwa kwa vituo: Mori, Kumekucha, Afrika Sana, Madukani, Palestina, Makaburini, Kijiweni, kwa Remmy. Uti wa mgongo ni Barabara ya Shekilango, inayotoka Barabara ya Morogoro hadi Bamaga kwenye Barabara ya Bagamoyo. Ukitokea Kimara au mjini kwa mabasi ya mwendokasi, shuka kituo cha Shekilango kisha uchukue bajaji au daladala. Ukitokea Mwenge, Afrika Sana iko karibu zaidi.

Kama ni mara yako ya kwanza, anzia Mori. Baa zimekaribiana, kwa hiyo ya kwanza ikikuchosha unahamia ya pili kwa miguu. Afrika Sana ina kelele zaidi na watu wengi zaidi wa usiku wa manane. Ukiwa unatafuta utulivu wa kuongea mambo ya maana na shemeji, ingia mitaa ya ndani, hatua mia kutoka lami. Bia ni ile ile na utasikia unachoambiwa.

Na ndiyo, Sinza kwa Remmy ni kwa Remmy Ongala, mwanamuziki mzaliwa wa Kindu, Kongo, aliyeishi hapo na kufariki Desemba 2010. Wapo vijana wanaoshuka kituoni hapo kila siku bila kujua Remmy alikuwa nani.

Nitajie baa moja tu.

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na ndilo ninalolikwepa kuliko yote. Baa za Sinza hubadilisha jina, mwenye mali na mpishi wa nyama haraka sana. Meeda ya Mori na Kitambaa Cheupe ni majina ambayo bodaboda yeyote atakufikisha bila maelezo, kwa hiyo yatumie kama alama za kukutania hata kama hamtakaa humo. Baada ya hapo angalia mambo matatu kabla ya kuvuta kiti. Jikoni kuna foleni? Wanawake wamekaa kwenye meza zao kwa raha, au wote wamesimama wanasubiri kununuliwa? Spika imeelekezwa wapi? La tatu watu hulipuuza, kisha wanakaa saa tatu wakipigiana kelele masikioni.

Siku gani na saa ngapi?

Ijumaa na Jumamosi zinajulikana. Jumapili alasiri ndiyo siri ya Sinza: kuanzia saa tisa watu wanatoka majumbani na makanisani, wanakaa na familia na marafiki, nyama inachomwa kwa wingi, na kufikia saa nne usiku wengi wameshaondoka kwa sababu kesho kazini. Katikati ya wiki kuna nafasi ya kutosha na jiko halichelewi.

Epuka Ijumaa ya kwanza baada ya mishahara kama hupendi kusubiri. Shekilango inajaa foleni ya magari, maegesho hakuna, na nyama ya nusu saa inakuwa ya saa moja na nusu.

Kuhusu kufunga: saa za kuuza pombe zinategemea leseni ya mahali, na leseni ya baa si sawa na ya klabu ya usiku. Baa yenye leseni ya kawaida ikizima muziki mapema, usimgombeze bamedi. Mara nyingi kuna ukaguzi, au majirani wamelalamika. Kumbuka hapa ni makazi ya watu. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015 zipo, NEMC, baraza la taifa la mazingira, wamekuwa wakifungia baa zinazozizidi, na kwa mtu ambaye dirisha la mtoto wake linatazamana na spika, hilo ni jambo jema kabisa.

Bia ni bei gani?

Kwenye baa ya kawaida, bia ya hapa nchini ya nusu lita huwa kati ya shilingi 2,000 na 3,000. Ukiona inauzwa mara mbili ya hapo, umeingia sehemu inayojiita "lounge" na unalipia makochi. Masaki bei hiyo ya makochi ndiyo bei ya kawaida. Kiingilio Sinza ni nadra, isipokuwa pale penye klabu au siku kuna msanii jukwaani.

Swali la kwanza utakaloulizwa na bamedi si aina ya bia, ni "ya moto au ya baridi?" Ya moto maana yake ile iliyokaa nje ya friji. Mgeni huona ni mzaha. Si mzaha: wazee wengi hawanywi nyingine, na wapo wanaoichanganya, ya moto nusu na ya baridi nusu kwenye glasi moja.

Watu wanakunywa nini hasa?

Safari kwa wanaotaka bia yenye uzito, Kilimanjaro na Serengeti kwa wa katikati, Castle Lite na Serengeti Lite kwa vijana na kwa wanaosema wanapunguza tumbo. Balimi ina watu wake, hasa wenye asili ya Kanda ya Ziwa. Mvinyo wa Dodoma hupatikana, ila uliza chupa ilifunguliwa lini kabla ya kuagiza glasi.

Halafu kuna Konyagi. Ina kilevi cha asilimia 35, harufu ya malimau, na sifa ya kumfikisha mtu asikokusudia. Inanyweka vizuri na tangawizi au maji baridi na ndimu, kwa meza ya watu watatu wanaokula. Peke yako, tumbo tupu, saa tano usiku, usijaribu. K-Vant ipo kwenye daraja hilo hilo. Kuhusu vile vipakiti vya plastiki, viroba, vilipigwa marufuku kuanzia Machi 1, 2017. Mtu akikuletea pombe ya kipakiti leo, hujui kilichomo.

Nile nini?

Hapa ndipo Sinza inapowashinda wengine wote, na ndipo watu wanapokosea kwa haraka yao.

Nyama hupimwa kwa kilo. Usiagize ukiwa umekaa. Nyanyuka, nenda jikoni, umwone mchomaji, uchague kipande chako kikiwa kibichi, kipimwe mbele yako, kisha uulize bei na muda. Mbuzi mbavu zina mafuta na huiva vizuri. Paja la ng'ombe linahitaji mchomaji mwenye subira. Mwambie unataka ikauke au ibaki na maji. Ikija mezani itakuwa imekatwakatwa juu ya ubao au sinia, na kachumbari, chumvi ya kuchovya, pilipili mbuzi na ndimu. Ndizi za kuchoma huagizwa mapema maana huisha kabla ya nyama.

Kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, ni jambo la peke yake. Si kila baa inapika, na zinazopika huwa na jiko na vyombo vya pembeni, kwa heshima ya wasiokula. Kama mezani kwenu kuna Muislamu, muulize kabla ya kuagiza, hata kama anakunywa bia. Wapo wengi wa namna hiyo na kila mmoja ana mpaka wake. Kitimoto bora ni ile ya rosti inayokaangwa na vitunguu, hoho na ndizi pembeni. Ya kukaanga kavu inafaa kwa Konyagi. Agiza nusu kilo kwa watu wawili kwanza, onja, ndipo uongeze. Jiko zuri litakuletea nyama yenye ngozi na nono kwa kiasi. Jiko baya litakujazia mafuta matupu chini na kukufunikia kwa vitunguu.

Kama bajeti imebana, chipsi mayai kwa mwuzaji aliye nje ya geti. Baa nyingi hazikukatazi kuingia nayo mradi unanunua kinywaji.

Bili yangu huwa inazidi. Nifanyeje?

Njia ya zamani ndiyo bora: chupa tupu zisiondoke mezani mpaka ulipe. Bamedi akitaka kuzikusanya mwambie kwa upole, "Dada, ziache kwanza." Hesabu ni ya macho, haina mabishano. Mkiwa wengi na kila mtu anaagiza, mteueni mmoja wa kuita raundi.

Njia nyingine ni kulipa kila raundi inapofika, na bamedi wengi watakupenda kwa hilo. Sehemu nyingi bamedi anachukua kinywaji kaunta kwa jina lake. Mteja akitoroka, anayekatwa ni yeye, siyo mwenye baa. Ukiona anakulipisha mapema, hajakudharau. Juzi kuna mtu alimkimbia. Mshahara wake ni mdogo, kwa hiyo ukimwachia chenji ya soda umefanya jambo. Kumpigia mluzi au kumgusa ili umwite si ujanja. Mwite dada, atakuja.

Malipo ya simu yanakubalika karibu kila mahali kupitia lipa namba. Hakikisha jina linalotokea kwenye simu ni la baa au mtu wa kaunta, na usifute ujumbe wa muamala mpaka utoke.

Kuna muziki wa bendi?

Upo, lakini Sinza ya leo zaidi ni ya madijei: Bongo Fleva, amapiano, na usiku ukikolea singeli, ambayo ilizaliwa uswahilini hapa hapa Dar, jirani zetu wa Manzese na Tandale wakiwa mstari wa mbele. Wapo wapigaji wawili watatu wenye kinanda na gitaa wanaozunguka baa wakipiga zilipendwa. Uliza wanapiga siku gani, ratiba hubandikwa getini.

Ukitaka dansi kamili, yenye tarumbeta na safu ya waimbaji, toka Sinza. Kinondoni ndiyo ilikuwa ngome ya bendi ya Twanga Pepeta kwa miaka mingi. Msondo Ngoma, waliozaliwa kama NUTA Jazz mwaka 1964, na Sikinde, waliozaliwa mwaka 1978, ndio wazee wa kazi, na onyesho lao ni la watu wazima wanaojua kucheza. Nenda na viatu vya kuteleza.

Siku ya Simba na Yanga je?

Fika saa mbili kabla ya mechi kuanza. Viti vya mbele ya skrini huwekewa chupa tupu kama alama, na alama hiyo inaheshimiwa kuliko mkataba. Angalia kwanza baa imevaa rangi gani, maana nyingine zina upande unaojulikana mtaa mzima. Ukiwa na jezi tofauti utataniwa dakika tisini, ugomvi ni mara chache. Siku hiyo lipa kila raundi. Bao likiingia hakuna anayekumbuka nani aliagiza nini.

Mimi ni mwanamke. Naweza kukaa peke yangu?

Unaweza, na wanawake wengi wa Sinza hukaa. Chagua sehemu yenye jiko linalofanya kazi na meza za watu mchanganyiko, kaa karibu na kaunta au jikoni, na umjue bamedi wako kwa jina mapema. Kutakuja ofa: "Kaka wa meza ile amesema akununulie." Ofa inaweza kukataliwa bila maelezo. "Mwambie asante, nimetosheka" inatosha, na bamedi mzoefu atajua namna ya kufikisha. Ukiipokea, iwe chupa iliyofunguliwa mbele yako.

Jioni za Jumapili na katikati ya wiki ni rahisi zaidi kuliko Jumamosi usiku.

Wizi na kuwekewa dawa kwenye kinywaji?

Vipo. Chupa ifunguliwe mezani, si kaunta. Ukienda chooni mwachie mwenzako, au imalize kwanza, au iache na uagize nyingine. Bia moja haina thamani ya kuamkia usikokujua huna simu. Simu isikae juu ya meza iliyo karibu na barabara, maana bodaboda anayepita anaichukua bila kupunguza mwendo. Toa pesa taslimu mapema Mlimani City au mchana, siyo saa saba usiku kwenye kibanda cha wakala.

Nirudije nyumbani?

Kama umekunywa, gari libaki. Kikomo cha kisheria ni miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu, na trafiki wana vipima ulevi. Mlinzi wa baa hulinda gari mpaka asubuhi kwa elfu chache. Mwachie namba yako, chukua yake.

Usafiri wa kuita kwa simu hupatikana muda wote Sinza. Toka nje ya geti na usubiri penye taa, linganisha namba ya gari kabla ya kupanda. Bajaji ni nzuri kwa Mwenge, Ubungo, Makumbusho na Kijitonyama. Mpatane bei kabla hujakaa. Bodaboda baada ya saa sita usiku siishauri, hata kama dereva ni wa mtaani kwako. Muulize kwanza naye ametokea wapi.

Sinywi pombe. Nitachoka?

La. Stoney Tangawizi na nyama choma ni chakula kamili, na hakuna atakayekushangaa. Kuna malti na juisi pia. Kitakachokuchosha ni wenzako kuanzia chupa ya tano, na hilo Sinza haina dawa yake.

Niliondoka Dar zamani. Bilicanas bado ipo?

Haipo. Ile klabu ya katikati ya jiji iliyotikisa miaka ya 1990 ilishavunjwa. Mjini kati usiku sasa ni kwa hoteli kubwa, mfano ghorofa ya nane ya Hyatt Regency Kilimanjaro inayotazama bandari. Watu wa ufukweni wanakwenda Kidimbwi, Mbezi Beach. Coco Beach mihogo ya kukaanga bado ipo, ukitaka kumwonyesha mtoto wa ughaibuni ulikokuwa unakwenda.

Ninatoka Nairobi. Kuna tofauti gani ya kujiandaa nayo?

Muda, kwanza. Ukizoea Westlands, ambako watu huanza kutoka saa tano, Sinza utakuta nyama imekwisha. Njoo saa kumi na mbili jioni. Shilingi ya Kenya haipokelewi kaunta. M-Pesa ya Kenya inaweza kutuma kwa M-Pesa ya Tanzania, kwa hiyo mwenyeji wako akupokelee. Na ukiagiza, anza na salamu. "Dada, habari za jioni, naomba..." itakuletea bia haraka kuliko kunyoosha mkono.

Mwezi wa Ramadhani baa zinafungwa?

Sinza hazifungwi, ila mchana hupoa, muziki hupunguzwa na baadhi ya wafanyakazi huwa wamefunga. Kaa ndani zaidi kuliko barazani. Zanzibar mambo ni tofauti kabisa, usichukue mazoea ya Sinza ukavuka nayo bahari.

Asubuhi yake?

Supu. Makongoro (kwato za ng'ombe) au ya mbuzi, na chapati, ndimu nyingi, kuanzia saa moja. Wanaouza supu wengi ni baa zile zile za jana usiku, viti vimeoshwa. Kuna watu watakushauri kuzimua kwa bia moja ya moto. Wengi wao bado wako pale pale saa kumi jioni. Kunywa maji, kula, kachukue gari lako.

Naweza kuja na watoto Jumapili?

Mchana kula nyama, ndiyo, na baa zenye bembea uani zipo. Chini ya miaka 18 hauziwi pombe, wala usimtume mtoto kaunta kukuletea. Giza likiingia na muziki ukipandishwa, ondokeni.